Kilo Kumi na Mbili za Chumvi

Ukitaka kumtibua Idrissa, huna haja ya kumtukana. Mwambie tu kwamba kosa la fulani lilikuwa dogo. Hapo utamwona anaweka pampu chini, anafuta mikono kwenye kitambaa cheusi cha grisi, na utajuta kwa nini tairi lako lilitoboka karibu na kibanda chake. Idrissa ni kwado, ndivyo tunavyowaita mafundi wa kuziba matairi hapa Kindu, na kazi yake haina maneno. Kiraka akikibandika yeye hakivuji. Ila ule mdomo, Mungu amsamehe. Waendesha pikipiki wa mtaa wa Kasuku wamempa jina la Komisa, yaani kamishna, maana hata ukimpita kwenye foleni ya maji atakusomea sheria.

Jina hilo lilianzia kwenye ukumbi wa Destin. Destin ana dishi, ana televisheni pana, ana mabenchi sita na jenereta inayokohoa. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakienda pale kwa ajili ya mpira tu. Idrissa ndiye aliyemganda Destin mwaka mzima, kama kupe, mpaka akakubali kuweka mbio za magari Jumapili mchana, yale magari mafupi ya chini yanayopiga kelele kama nyuki waliochokozwa. Mwanzoni watazamaji walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa amelala. Siku hizi ukichelewa unasimama mlangoni.

Watu wanadhani anapenda mwendo kasi. Thubutu. Siku ya kwanza alipoziona mbio zile, kwa bahati tu, Destin alipobadilisha stesheni baada ya mpira, kilichomshika kilikuwa kile kinachokuja mwishoni, wakati wengine wameshainuka kwenda zao. Madereva wanashuka, wanavua kofia zao ngumu, na hata maji hawajanywa, wanapanda kwenye mizani mmoja mmoja. Magari nayo yanapimwa. Idrissa alisimama katikati ya ukumbi akauliza, "Wanawapima hata wenye kushinda?" Destin akamjibu kwamba hao ndio wanaopimwa kwanza. Idrissa akakaa polepole, viganja vimemlowa jasho.

Ni kwamba mtu huyu anaogopa mizani. Cheka ukitaka. Mchele anaununua kwa kopo, nyama anaikadiria kwa macho, na pale sokoni penye wauza dagaa wenye mizani za kuning'iniza, yeye anazunguka nyuma apite kwenye matope. Mkewe alirudi kwao Lubutu baada ya miaka minne ya ndoa, bila ugomvi wala mtoto, akasema amechoka kulala na mwanaume anayetaja kilo usingizini. Sababu Idrissa hakumwambia. Hakumwambia mtu yeyote kwa miaka ishirini na moja, na kwa kuwa sasa imeshasemwa, mimi naweza kuisimulia.

Mwaka wa elfu mbili na moja mji wetu ulikuwa umefungwa. Mjini askari, msituni wenye bunduki wengine, na katikati sisi tuliokuwa tukila majani ya mihogo bila mafuta. Treni ilikuwa imekufa, ndege zilikuwa za wakubwa. Kilichobaki kilikuwa baiskeli. Wanaume walipakia chumvi, sabuni na vitenge, wakavuka mto kwa mtumbwi hadi Alunguli, kisha wakasukuma baiskeli kwa njia ya Kailo, wakarudi na mpunga na mawese. Hawakupanda, walisukuma, fimbo moja imefungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti. Waliorudi walilisha mtaa. Wasiorudi tuliwalilia bila maiti.

Idrissa alikuwa na umri wa miaka ishirini na tano, na alikuwa katika kundi la watu tisa pamoja na kiongozi wao Jacques. Huyu Jacques, waliyemwita yaya, yaani kaka mkubwa, alikuwa karani wa ghala la mpunga kabla ya vita, mtu mrefu, mpole, penseli haitoki sikioni. Mizani ya ghala alikuwa ameining'iniza kwenye mti wa paa nyumbani kwake, na sheria ya kundi ilikuwa yake. Kila mtu anapimiwa mzigo kabla ya safari: kilo themanini, haizidi hata kijiko. Mwenye mzigo wa sheria akiharibikiwa njiani, wote wanamngoja hata kama ni nusu siku. Mwenye kuzidisha anaachwa palepale na mali yake, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Usiione ni sheria kali. Kabla yake kundi jingine lilimngoja mwenye tamaa mlimani, wakakamatwa wote wanne.

Basi asubuhi moja Idrissa akapimwa, kilo themanini sawasawa, Jacques akaandika. Wakavuka. Kule Alunguli Idrissa akasema anapita kwa shangazi yake kumuaga. Shangazi alikuwa amemwekea mfuko wa chumvi, kilo kumi na mbili, na Idrissa akaushindilia katikati ya sabuni, akafunga kamba upya. Alikuwa anatafuta mahari. Chumvi kule Kailo ilikuwa dhahabu, na kilo kumi na mbili, alijiambia, zingeisha mikononi kabla jua halijakolea. Kijana mwenye nguvu, njia anaijua, nani angejua?

Kwenye mlima wa pili gurudumu la nyuma lilikunjika. Njiti zake zilikatika moja baada ya nyingine, na baiskeli ikalala ubavu. Kundi likasimama. Jacques akarudi nyuma, akachuchumaa, akaangalia gurudumu, kisha akamwangalia Idrissa.

"Muzigo wako iko kilo ngapi?"

"Makumi nane, yaya Jacques. Si we mwenyewe ulipima?"

"Nilipima kule. Sasa nakuuliza hapa."

"Makumi nane. Wallahi."

Aliapa kwa jina la Mungu, na mdomo wake haukutetemeka. Hilo ndilo linalomla hata leo, kwamba mdomo haukutetemeka. Jacques akawaambia wale saba watangulie hadi kijito cha mbele wajifiche wangoje; yeye angebaki amsaidie Idrissa kunyoosha gurudumu. Wakaondoka. Kisha Jacques akainama, akakumbatia mzigo ili auinue kutoka kwenye baiskeli. Akauinua. Akabaki ameushika, kimya, muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Akauweka chini, akasema, "Lete ufunguo wa nati."

Walikuwa bado wanahangaika na nati ya mwisho wenye bunduki walipotokea, wa upande gani hatujui mpaka leo. Jacques alisimama kuwasalimia, wakampiga risasi ya tumbo. Idrissa alikuwa upande wa msitu, akakimbia. Alikaa kwenye vichaka siku tatu akila mizizi, na alipofika mjini akakuta kaburi la Jacques limeshawekwa maua. Wale saba walikuwa wamerudi kumchukua, wakambeba hadi nyumbani kwake, akafa siku ya pili mikononi mwa mkewe Adèle. Aliacha mtoto wa miezi minne, Divine.

Mtaa mzima ukasema Jacques amekufa kishujaa, akimngoja mwenzake kama sheria inavyotaka. Wakamkumbatia Idrissa, wakamwita aliyeponea chupuchupu. Yeye akalia kweli, si kwa kuigiza. Kisha akaanza kuja kwa Adèle kila Jumamosi na kitu mkononi: samaki, sabuni, daftari la shule. Divine alipojifunza kusema, alisema Papa Idrissa. Yeye ndiye aliyemfundisha baiskeli, ndiye aliyepigana na mkurugenzi wa shule aliyetaka kumfukuza, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba siku alipopata diploma. Mtoto mwingine hana. Anamwita mwanangu, na ukimsikia anavyolitamka neno hilo utajua hana mali nyingine hapa duniani.

Naye Jacques hakuondoka. Sisemi habari za mizimu, nasema anachokiona Idrissa. Anamwona ameketi ncha ya benchi, penseli sikioni, anaangalia mizigo ya watu. Anamwona kwenye kibanda cha matairi, ameshika gunia la mteja, amesimama vilevile kama kule mlimani, pumzi mbili, na kila mara Idrissa anajiuliza swali lilelile: je, alijua? Mikono iliyopima mpunga miaka kumi, inaweza kukosa kujua kilo kumi na mbili? Na kama alijua, kwa nini hakuniacha?

Sasa tuje kwenye Jumapili yenyewe. Huko kwenye mbio za magari waliweka kikomo cha matumizi, ili matajiri wasiwameze wanyonge: kila timu itumie kiasi fulani kwa mwaka, isizidishe. Ikaja habari kwamba timu moja kubwa ilizidisha, tena katika mwaka ambao dereva wake alichukua ubingwa. Chama kinachosimamia mbio kikakaa, kikapima, kikatoa hukumu: faini, na kupunguziwa muda wa majaribio ya gari. Kombe libaki lilipo.

Ukumbi wa Destin uliwaka moto. Idrissa alisimama juu ya benchi, mzee wa miaka arobaini na sita, akasema hiyo si hukumu, hiyo ni nauli. Tajiri analipa nauli yake anapanda, kesho anazidisha tena. Sheria ya namna hiyo ni ya kuwafunga maskini tu, sawa na vizuizi vya barabarani kwetu, ambapo mwenye gari kubwa anapungiwa mkono na mwenye baiskeli anapekuliwa hadi soksi. Watu wakampigia makofi. Divine, ambaye sasa anasomea sheria chuo kikuu na ni mshabiki wa timu hiyohiyo iliyozidisha, alikuwa anacheka kwenye benchi la mbele.

"Papa Idrissa, walizidisha kidogo tu. Hata mbili kwa mia haifiki."

"Hakuna kidogo. Kilo kumi na mbili njo kilo kumi na mbili."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Destin akauliza tangu lini pesa zinapimwa kwa kilo, na mwingine akasema labda Komisa anazungumzia sarafu. Idrissa akashuka kwenye benchi. Ndipo Divine, kwa kumtania na pia kwa kumpenda, akatoa wazo: tuandike barua ya malalamiko kwa wakubwa wa mbio, kwa Kifaransa kizuri, sote tutie sahihi, Komisa wa kwanza. Mji usio na barabara ya lami ya kujivunia unawaandikia wenye magari ya kasi kuliko yote. Watu walifurahi mno, na Idrissa naye, bila kupenda, akajikuta anasema maneno na Divine anaandika.

"Andika hivi. Mwenye kuzidisha aachwe nyuma na mali yake."

"Wafutiwe ubingwa, ndiyo maana yako?"

"Waachwe."

Divine akaandika. Kisha akasimamisha kalamu, akasema kama mwanasheria, "Kuna jambo moja watatujibu. Watasema adhabu ilipungua kwa sababu timu yenyewe ilikubali kosa. Walikaa na chama, wakatia sahihi kwamba ni kweli wamezidisha."

"Walikubali?"

"Walikubali, Papa. Kwa maandishi."

Wezi wale wa Ulaya, aliokuwa akiwatukana wiki nzima, walikuwa wamefanya kitu ambacho Idrissa hakukifanya kwa miaka ishirini na moja. Divine akamsogezea karatasi. Juu ya nafasi ya sahihi alikuwa ameandika kwamba sisi wafuatao, watu tunaoheshimu sheria, tunaomba haki itendeke. Idrissa akashika kalamu. Kwenye ncha ya benchi Jacques alikuwa ameketi, na mara hii hakuangalia mizigo ya watu, aliangalia karatasi.

Akaweka kalamu chini. Akasema kichwa kinamuuma, akatoka, akaacha hata kofia yake. Nyuma yake akasikia Destin akisema hata sahihi Komisa anaiogopa, atadhani inapimwa.

Alitembea hadi kwa Adèle bila kumwamkia mtu, jambo ambalo kwetu ni kosa kubwa. Njiani alikuwa anapiga hesabu ya kile atakachokipoteza, na haikuwa ndefu, ilikuwa mtu mmoja. Alijua akisema, Divine amekwenda. Alijua pia kwamba asiposema atarudi ukumbini kutia sahihi, na hilo hakuliweza. Adèle alikuwa uani anatwanga sombe, yale majani ya mihogo. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono minene, asiyependa mtu anayezungukazunguka maneno.

"Karibu, shemeji. Leo si Jumamosi."

"Mama Divine, ile siku. Muzigo wangu ulizidi. Kilo kumi na mbili, chumvi, niliongeza kule Alunguli. Yaya Jacques aliniuliza, nikaapa uongo. Ningesema kweli, wangeniacha, yeye angekuwa mzima."

Adèle aliendelea kutwanga mara tatu, nne. Kisha akaegemeza mchi ukutani, akavuta kiti akakaa, na alimwacha Idrissa amesimama.

"Najua," akasema. "Najua toka ile siku walimleta. Aliniambia mwenyewe. Alisema, nilinyanyua muzigo wa Idrissa, mikono yangu ikajua. Nikamuuliza, sasa kwa nini hukumwacha, na sheria ni yako? Akasema alimwangalia usoni, akamwona ni mutoto, akashindwa. Akaniomba nisikuulize. Akasema wewe mwenyewe utakuja."

Swali lililomtafuna Idrissa miaka yote lilikuwa limejibiwa, na jibu lilikuwa baya kuliko yote aliyokuwa ameyafikiria, maana lilikuwa la huruma.

"Nilikungojea kwenye arobaini," Adèle akasema. "Nikakungojea mwaka. Ulikuwa unaleta samaki. Nilikuchukia, Idrissa, usifikiri sikukuchukia. Nilikuwa nakula samaki yako nakuchukia. Halafu mutoto akakupenda, nikashindwa niweke wapi ile chuki."

"Ungenifukuza."

"Nikufukuze, mutoto alishwe na nani? Na halafu, haikuwa kazi yangu kukusemea. Ulipaswa kusema wewe. Sasa umesema kwangu, nashukuru, lakini kwangu ilikuwa inajulikana. Iko mwenye hajui."

Ndipo lango la mabati lilipolia. Divine aliingia na kofia ya Idrissa mkono mmoja na ile barua mkono mwingine, anacheka, anasema watu thelathini na moja wameshatia sahihi, na Destin ametia mara mbili, na kwamba Komisa hawezi kukimbia kwa kuumwa kichwa. Akaona mama yake amekaa na mgeni amesimama. Kicheko kikaisha.

"Kuna nini?"

Adèle alimwangalia Idrissa tu.

Idrissa alisema. Safari hii alisema vibaya, akirudi nyuma, akianza na mahari, akisahau shangazi, akilirudia lile neno wallahi kana kwamba ndilo peke yake lililokuwa na uzito. Divine alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Ni mtu wa sheria. Alipoanza kuuliza, aliuliza kwa utaratibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na baba alijua."

"Alijua."

Akamgeukia Idrissa. "Ungesema themanini na kumi na mbili, wangekuacha wewe na baiskeli yako. Sheria ilikuwa hivyo?"

"Ilikuwa hivyo."

"Na wewe labda ungekufa."

"Labda."

"Na baba angerudi nyumbani ile jioni."

"Angerudi."

Divine alikunja ile barua mara mbili, kisha mara ya tatu, akaishika. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Idrissa akasema yuko tayari kwa lolote, akitaka amwite mkuu wa mtaa, akitaka asikanyage tena uani hapo, ni haki yake, atoe hukumu.

"Sitakufukuza," Divine akasema. "Jumamosi uje kama kawaida, Mama amezoea, na mimi pia. Matunzo yako yalikuwa ya kweli, nayajua, nilikuwepo. Lakini kitu kimoja. Usiniite tena mwanangu. Mimi ni mtoto wa Jacques."

"Nimesikia."

Akampa kofia yake. Idrissa akaipokea kwa mikono miwili, akamuaga Adèle kwa jina lake, kama inavyotakiwa. Kisha akamgeukia Divine amuage naye, akafungua mdomo, na akagundua kwamba miaka yote hakuwahi kumwita ila mwanangu. Akavaa kofia, akatoka.